Kuchapa Kiswahili bila kuangalia kibodi: shajara ya steshenari moja Kigoma

Shajara hii naiandika kwa ajili ya wenzangu wa steshenari na yeyote anayechapa Kiswahili kila siku kwa vidole viwili, kama nilivyofanya mimi kwa miaka tisa. Kila hatua ikiisha naongeza kipande. Yaliyokwenda sawa nayapita haraka. Yaliyonikwamisha nimeyapa nafasi, maana huko ndiko siku na pesa zilikopotelea.

Jumatatu, 13 Januari 2025: nilipoanzia

Duka langu liko Mwanga, Kigoma mjini. Natoa kopi, nachapa barua za kuomba kazi, wasifu, mikataba ya mauziano ya viwanja, mihtasari ya vikao, na zaidi ya yote katiba za vikundi vinavyoomba ile mikopo inayotoka kwenye asilimia kumi ya mapato ya halmashauri. Katiba moja ni kurasa nane hadi kumi na mbili, na ukurasa nachapa kwa shilingi 1,000.

Wiki iliyopita kikundi cha akina mama kilileta katiba iliyoandikwa kwa mkono kwenye daftari. Walitakiwa kuiwasilisha kwa afisa maendeleo ya jamii kesho yake. Nikachapa hadi saa nne usiku, shingo chini: macho kwenye daftari, kwenye kibodi, kwenye kioo, halafu daftari tena kutafuta nilipoishia. Katika kutafuta huko niliruka ibara nzima ya uanachama. Wakarudishwa. Hawakunigombeza, walikaa tu kwenye benchi wakisubiri nirekebishe, na mmoja alikuwa na mtoto mgongoni. Jambo hilo liliniuma kiasi kwamba usiku ule niliamua: macho yangu yabaki kwenye karatasi ya mteja, vidole vijitafutie njia.

Kabla ya chochote nilijipima. Saa ya simu dakika tano, muhtasari wa kikao wa kweli, kisha nikaiacha Word ihesabu herufi pamoja na nafasi. Wanaopima kasi huchukua mibonyezo mitano kuwa neno moja. Ukihesabu maneno yenyewe kwa Kiswahili utajidanganya: "hawakuwasilisha" ni neno moja lenye herufi 15, kwa kipimo hicho ni maneno matatu. Kwa hiyo katika shajara hii nitataja mibonyezo kwa dakika tu.

Kipimo cha kwanza, vidole viwili: 131 kwa dakika, makosa 9 katika dakika tano.

Jumanne, 21 Januari: wiki ya kwanza, na kosa lake

Nilipakua Klavaro, programu ya kujifunzia kuchapa. Ni ya bure, na ukishaiweka haihitaji intaneti. Bando lilinigharimu shilingi 1,000.

Msingi wenyewe ni mfupi. Vidole vinapumzika mstari wa kati: mkono wa kushoto A, S, D, F, wa kulia J, K, L na nukta mkato. Gumba ni la nafasi. F na J zina kinundu ili vidole vya shahada vijue nyumbani kwao bila macho. Kila kidole kina vitufe vyake vya juu na chini, na herufi kubwa unaishikia Shift kwa mkono mwingine.

Nilifanya dakika arobaini kila siku, na mazoezi ya maneno niliyafanya kwa Kiingereza kwa sababu ndivyo programu ilivyofunguka. Kufika Jumapili nilikuwa najiona nimeiva. Jana nikachukua barua ya kweli ya mteja: 38 kwa dakika. Thelathini na nane! Kidole cha mwisho cha kushoto kilikuwa kama kimefungwa kamba.

Nilikaa na ile barua usiku nikiihesabu. Inaanza kama barua zetu zote: "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu." Ina herufi 39, na 10 kati ya hizo ni "a". Nikahesabu na ile sentensi maarufu ya Kiingereza ya mbweha na mbwa mvivu, yenye herufi zote 26, ambayo kila anayejifunza hupewa. Ina herufi 35, na "a" ni moja tu. Wiki nzima nilikuwa nafundisha vidole kutafuta Q na X, ambazo alfabeti yetu haina kabisa, huku kidole dhaifu kuliko vyote, kinachobeba "a" yetu, kikiwa kimelala.

Hili ndilo ningependa msomaji alichukue mapema, asipoteze wiki kama mimi: vidole hujifunza lugha, havijifunzi kibodi peke yake. Ukichapa Kiswahili, jifunze kwa Kiswahili kuanzia siku ya kwanza.

Jumapili, 2 Februari: kwa shangazi, Ujiji

Shangazi yangu alisomea Chuo cha Uhazili Tabora, enzi za mashine ya taipu na karatasi ya kaboni, akafanya kazi ofisi za serikali hadi akastaafu. Sijui kwa nini sikumfikiria tangu mwanzo. Nimekwenda kwake Jumapili mbili mfululizo.

Nilipomweleza kuhusu "a" alicheka kidogo, akaniuliza, "Mwanangu, darasa la kwanza ulisomaje?" Nikamjibu, ba, be, bi, bo, bu. "Basi vidole navyo vianze darasa la kwanza."

Alinieleza kwamba wao chuoni walipewa mazoezi ya Kiingereza kwanza, kisha walipopelekwa kwenye ofisi za Kiswahili wakapata shida ileile. Akajitungia silabi zake mwenyewe. Maneno yetu karibu yote ni konsonanti na irabu, konsonanti na irabu, hadi mwisho. Ukifundisha vidole herufi mojamoja, kila herufi ni uamuzi mpya. Ukivifundisha silabi, "wa" inakuwa pigo moja lenye hatua mbili, na "wanawake" inakuwa mapigo manne.

Niliacha masomo yote ya programu, nikafungua Notepad tupu. Zoezi ni hili: mstari mmoja ba be bi bo bu mara kumi, kisha cha che chi cho chu, da de di do du, na kuendelea hadi za ze zi zo zu. Halafu silabi nzito: mba, nda, nya, mwa, kwa, sha, dha, gha, tha. Mwisho viambishi na maneno tunayoyarudia kutwa nzima: alikuwa, wanaku, hatuta, yaliyo, ambaye, kwamba. Siku nne za silabi zilinipa kuliko wiki ya kwanza yote.

Jambo la pili alilonipa ni kanga. Alinifunika mikono na kibodi, akawa ananisomea barua polepole kwa sauti moja, na nikiongeza mwendo ananyamaza mpaka nitulie. Kwake kila pigo lina nafasi sawa na jingine. Nikikimbilia "na" kisha nikakwama kwenye "ng", ananirudisha mwanzo wa mstari.

Mtindo wenyewe wa kuchapa bila kuangalia ni wa zamani. Mpangilio wa herufi kwenye kibodi yangu unatoka kwa mashine aliyoibuni Christopher Latham Sholes na wenzake Milwaukee, Marekani, ambayo Remington walianza kuiuza miaka ya 1870. Na mwaka 1888 huko Cincinnati, Frank McGurrin, aliyekariri mahali pa vitufe vyote, alimshinda Louis Traub katika shindano la hadhara la kuchapa. Shangazi alikuwa halijui jina la McGurrin, lakini nilipomsimulia alitikisa kichwa kwa kuridhika kabisa.



Jumamosi, 8 Februari: kibodi ya mtumba

Kibodi yangu ya zamani ilikuwa inakwama kwenye A na nafasi. Nikanunua ya mtumba, nzito, vitufe vizuri, shilingi 12,000. Dukani sikuiangalia vizuri. Nyumbani "mzee" ikatoka "myee" na "vyeti" ikatoka "vzeti".

Ilikuwa imetengenezwa kwa soko la Ujerumani, ambako Z na Y zimebadilishana mahali. Kompyuta yangu imepangwa kwa mpangilio wa Marekani, hivyo yenyewe haijali kilichochorwa juu ya kitufe: ukibonyeza palipoandikwa Z inakupa y. Nilikuwa nimeshaamua kuirudisha, kisha nikagundua makosa yanatokea pale tu ninapochungulia. Nikiziba macho, yote sawa. Nikaibakiza. Kibodi inayomwadhibu anayechungulia ilinifaa kuliko kanga.

Tatizo la pili lilikuwa baya zaidi na lilichukua siku tatu kulielewa. Kila nikiandika herufi kubwa kwa Shift ya kushoto, mkwaju wa kinyume ulitokea mbele yake: "\Mwenyekiti", "\Ibara", "\Kikundi". Nilidhani ni virusi. Kumbe kibodi za Ulaya zina kitufe cha ziada kati ya Shift ya kushoto na Z ya kawaida, na Shift yenyewe ni fupi. Kidole changu kilizoea Shift ndefu, kikawa kinagonga vyote viwili. Nilikibandua kifuniko cha kile kitufe kwa ncha ya kisu, polepole, kinachomoka bila kuvunjika. Pakabaki shimo, na kidole kikijua shimo kinasogea kushoto zaidi. Mkwaju haujatokea tena.

Ukinunua ya mtumba, soma herufi sita za kwanza za mstari wa juu kutoka kushoto. QWERTY ni hii yetu. QWERTZ ndiyo niliyonunua. AZERTY ni ya nchi za Kifaransa, na hapa Kigoma utakutana nayo. Mfanyabiashara mmoja kutoka Uvira aliniletea kompyuta yake nimchapie ankara humohumo, nikaanza bila kuangalia, "watu" ikatoka "zqtu". Kwake A iko mstari wa juu, kwenye Q yetu. Ndugu zetu wa Kongo na Burundi wanaochapa Kiswahili kwa AZERTY wana kazi ya kukinyanyua kidole cha mwisho kwa kila "a". Natamani mmoja wao aandike shajara yake.

Jumamosi, 22 Februari: asubuhi najenga, mchana nabomoa

Wiki mbili nimekwama kwenye 60 hadi 84, na nadhani nimejua sababu. Asubuhi kabla ya wateja nafanya silabi vizuri. Ikifika saa nne, foleni imejaa, kila mtu ana haraka ya kwenda halmashauri au benki, narudi kwenye vidole viwili. Jioni nikijaribu tena, vidole havijui vifuate njia ipi. Vinagombania vitufe.

Nilijaribu kwanza kugawa saa: mbili hadi nne asubuhi vidole kumi, baada ya hapo vyovyote. Haikufaa.

Nikajaribu kugawa kazi. Barua na wasifu, ambazo ni ukurasa mmoja, nachapa kwa vidole kumi hata mteja akiwa amesimama mbele yangu. Katiba na mikataba mirefu naiacha ya usiku. Nikawa nawaambia watu ukweli: "Dada, najifunza kuchapa upya, barua yako itachukua dakika kumi zaidi, nitakupunguzia." Sikutegemea, lakini wengi walikubali na wengine wakawa wanaulizia maendeleo kila wakipita. Punguzo lote lilifika shilingi 6,000. Kuanzia tarehe 1 Machi vidole viwili naviacha kabisa, kwa kazi yoyote, liwe jua iwe mvua.

Kanga nayo ilinishinda dukani, inanasa kwenye vidole na inateleza. Nilichukua boksi tupu la rimu tano za karatasi, nikalikata pande mbili ndefu, nikaliinamisha juu ya kibodi kama daraja. Mikono inaingia chini yake. Halikunigharimu kitu, na hili ningemshauri kila mtu alifanye siku ya kwanza.

Umeme ulikatika mara tatu wiki hii wakati wa mazoezi. Nilinunua waya wa OTG kwa shilingi 4,000, nachomeka kibodi kwenye simu na kuendelea na silabi kwenye programu ya kuandikia kumbukumbu. Simu inaipokea bila kuuliza chochote.

Jumamosi, 15 Machi: mkono

Ramadhani imepunguza wateja wa mchana, nami nikaona ni nafasi. Nikapandisha mazoezi kutoka dakika arobaini hadi saa mbili kwa mkupuo. Siku ya sita kifundo cha mkono wa kushoto kilianza kuuma, maumivu yakapanda upande wa kidole cha mwisho. Siku ya saba sikuweza kukamua nguo.

Nilisimamisha kila kitu siku nne. Katika siku hizo nilimwomba mdogo wangu anipige picha nikiwa nimekaa mbele ya kompyuta, na picha ikaonyesha nisichokiona mwenyewe. Meza iko juu mno, viwiko vimening'inia chini ya kibodi, na viganja vimepinda kwenda juu kama mtu anayesukuma mlango.

Nilirekebisha vitu vitatu. Seremala alikata miguu ya meza inchi mbili na nusu kwa shilingi 5,000, sasa viwiko viko usawa wa kibodi. Vile vijiguu vya nyuma vya kibodi, ambavyo siku zote nilidhani ni lazima visimamishwe, nilivilaza. Vikisimama ndivyo vinavyopindisha kifundo. Na mazoezi nikayagawa: dakika ishirini asubuhi, ishirini jioni, basi. Hata nikiwa na hamu, naacha.

Nilihofia siku nne zimenirudisha nyuma. Nilipopima leo nimepata 112, zaidi ya kabla ya kuumia. Mwenye maumivu yasiyoondoka baada ya kupumzika na kurekebisha meza aende hospitali, asiendelee kwa sababu ya shajara ya mtu.

Jumatatu, 7 Aprili: Word na mkataba wa kiwanja

Leo ni Karume Day, duka limefungwa, naandika kosa lililonigharimu zaidi hadi sasa.

Kwa kuwa macho hayako tena kwenye kibodi, nilidhani yako kwenye kioo. Hayako. Yako kwenye karatasi ya mteja, na kioo nakiangalia mwisho wa aya. Mkataba wa kurasa sita ulikuwa na masharti yaliyopangwa (a), (b), (c). Word, kila ikiona c ndani ya mabano, huigeuza kuwa alama ya hakimiliki, ile c ndani ya duara. Niliprinti nakala nne. Muuzaji, mnunuzi na mashahidi wakiwa wamekaa tayari kusaini, shahidi mmoja mzee akauliza, "Binti, hii alama hapa ina maana gani kisheria?" Karatasi 24 zikaenda kwenye takataka, na wino wake. Nimezipigia hesabu ya shilingi 3,600. Nilimshukuru yule mzee kwa dhati, maana karatasi ile ingeweza kufika mbele ya baraza la ardhi.

Kuizima: File, Options, Proofing, AutoCorrect Options, kisha futa mstari wa (c) kwenye orodha. Ukiwa na haraka, bonyeza Ctrl na Z mara tu inapogeuka, inarudi kama ulivyoandika. Humohumo nilizima pia ile ya kugeuza i iliyo peke yake kuwa kubwa, inatuharibia namba za Kirumi.

Mistari myekundu nayo. Word ikidhani unaandika Kiingereza, kila neno la Kiswahili linapigiwa mstari, na jicho linavutwa huko hata usipotaka. Nilikuwa nasimama katikati ya sentensi kuhakiki neno lililo sahihi. Nimezima ukaguzi wa tahajia ninapochapa. Kusoma na kusahihisha nakufanya baadaye, kwa macho yangu, mara mbili, mara ya pili nikianzia ukurasa wa mwisho.

Kingine kilichoniokoa muda ni Ctrl pamoja na kitufe cha kufutia: inafuta neno zima. Neno likiharibika katikati, kulichapa upya lote ni haraka kuliko kurudi herufi tatu na kuanza kutafuta, na vidole vinabaki na neno zima kichwani.

Jumamosi, 26 Aprili: namba nimezihamisha

Mstari wa namba wa juu nimeujaribu wiki tatu na nimeuacha. Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20. Nikichapa bila kuangalia kwa mstari wa juu, kwenye namba tano nakosea moja, na tarakimu moja ya NIDA ikikosewa fomu nzima haina maana. Kwa kazi yangu hilo halikubaliki hata kama kasi ni nzuri.

Sasa natumia vitufe vya namba vya kulia. Kitufe cha 5 kina kinundu kama F na J, kidole cha kati kinakaa hapo. Siku mbili tu nilizoea. Naisoma NIDA kwa mafungu kama ilivyoandikwa kwenye kitambulisho: nane, tano, tano, mbili, kisha namwomba mteja anisomee tena kwa sauti nikiangalia kioo. Mtego wake mmoja ni NumLock. Ikiwa imezimika, 4 na 6 zinakuhamisha kushoto na kulia kwenye maandishi badala ya kuandika, na utajikuta umechapa jina katikati ya anwani. Angalia taa yake kabla ya kuanza.

Jumamosi, 17 Mei: maneno yanayokwama

171 kwa dakika. Nimepita mbali kasi ya vidole viwili, na shingo haijauma tangu Aprili. Lakini kasi haipandi tena kwa silabi pekee. Kwa wiki moja niliweka daftari pembeni na kuandika kila neno lililonikwamisha. Orodha ilinifundisha kitu.

Karibu yote ni maneno ambayo kidole kimoja kinafanya kazi mara mbili au tatu mfululizo. K na I ni za kidole kimoja, cha kati cha kulia, na sisi "ki" tunaitumia kila mahali: kikundi, kikao, kiwanja, kifungu. L na O ni za kidole kimoja: lolote, kilo. Z na A, kidole kimoja, tena kile dhaifu: kuzaa, wazazi, baraza. S na W kidole kimoja: swali, mswada. Jina lenyewe la lugha yetu, Kiswahili, linaanza kwa jozi mbili za namna hiyo zikifuatana. Na mbaya kuliko zote ni kidole cha shahada cha kulia, ambacho kimepewa H, J, N, M, U na Y. Neno "hujumu" lote, herufi sita, ni kidole hicho kimoja. "Nyumba" ni herufi nne za kwanza, na kwenye mikataba nyumba haikwepeki.

Nilimpelekea shangazi orodha. Kwa "ki" aliniambia nisinyanyue kidole, nikitelezeshe kutoka K kwenda I kana kwamba ni kitufe kimoja kirefu. Nimefanya mistari ishirini ya "ki" kila asubuhi kwa siku kumi, na imelainika. Kwa "nyumba", utelezeshaji haukutosha. Niliamua kuvunja kanuni: kwenye "nyu" na "mu" naibonyeza U kwa kidole cha kati. Shangazi hakupenda mwanzoni. Nilimchapia "nyumba, nyuma, nyundo, nyumbani" mbele yake, akasikiliza mapigo bila kuangalia kioo, akasema, "Haya, yako sawa. Endelea."

Kwa "hujumu" bado sina dawa. Kwa bahati haiji mara nyingi kwenye katiba za vikundi.

Upande wa kushoto kuna maneno yanayochapwa na mkono mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: barabara, tarafa, baraza, baada. Haya niliyaogopa, ila silabi zimeyamaliza. Nayatumia kupasha vidole moto, "barabara" mara kumi, polepole, kabla ya kufungua duka.

Jumamosi, 14 Juni: kipimo cha mwisho na gharama

Dakika tano, muhtasari wa kikao ambao sijawahi kuuona, boksi limefunika mikono: 204 kwa dakika, makosa 4. Ukurasa wa mibonyezo 2,000 uliokuwa ukinichukua dakika 15 sasa ni kama 10. Ila kilichobadilisha kazi ni macho. Tangu Aprili sijaruka mstari hata mmoja wa maandishi ya mteja, na wiki jana nimechapa katiba ya kurasa kumi kabla ya adhuhuri huku nikiwajibu watu bei za kopi.

Matumizi kwa shilingi: bando 1,000, nauli 4,800, kibodi 12,000, punguzo la wateja 6,000, waya wa OTG 4,000, seremala 5,000, karatasi na wino vilivyoharibika 3,600. Jumla 36,400. Anayeanza leo anaweza kuondoa zaidi ya nusu: atumie kibodi aliyonayo, azime ile (c) mapema, apime meza kabla ya kuumia.

Ng' bado inanisumbua. Alama ile ya ritifaa iko kitufe kimoja kulia kwa nukta mkato, kidole cha mwisho bado hakijaizoea, na "ng'ombe" kwenye mikataba ya mifugo zinanipunguza mwendo. Nimeanza mistari ya ng'a ng'e ng'i ng'o ng'u tangu Jumatano.

Kijana anayenisaidia dukani ameomba naye aanze. Nimempima leo jioni: vidole viwili, 96, makosa 14. Boksi nimemkatia, faili la silabi liko kwenye flashi yake, na Jumatatu saa moja asubuhi anaanza na ba be bi bo bu.